Bafu Lianze kwa Mchoro: Nafasi, Maji na Vigae Katika Nyumba ya Pwani

(Nakala ya mazungumzo kwa wakazi wanaojenga au kukarabati nyumba)



Katika nyumba nyingi zinazojengwa kutoka Mtwapa hadi Mambrui, bafu ndicho chumba kinachofikiriwa mwisho. Mwenye nyumba anajua sebule itakuwa kubwa kiasi gani, veranda itaelekea wapi, hata rangi ya lango ameshaichagua. Akifika bafuni, pesa zimepungua, mishipa imechoka, na fundi anaambiwa, "Wewe weka tu vile unavyoona." Fundi anaweka. Miezi sita baadaye maji yanasimama kwenye kona, mlango unagonga choo kila unapofunguliwa, na kigae kikigongwa kwa kidole kinalia kama debe tupu. Kubomoa ni gharama maradufu, maana vigae vilivyokwisha kubandikwa havitoki vizima.

Chukua mfano wa familia moja inayojenga kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100. Nyumba ina vyumba vitatu. Baba, mama, watoto wanne, na bibi wa miaka sabini na zaidi ambaye magoti yake yanamsumbua. Kisima kipo nyuma ya nyumba. Maji ya bomba yanakuja, lakini hayaji kila siku. Familia kama hii iko katika kila mtaa wa kaunti hii, na bafu lake linastahili kupangwa kwa ajili yake, si kwa kunakili picha ya nyumba ya Nairobi.

Jambo la kwanza halihusu vigae kabisa, nalo ni mahali ambapo maji machafu yatakwenda. Nyumba nyingi za kaunti hii hazijaunganishwa na mtandao wa mabomba ya maji taka. Zinategemea choo cha shimo, au tangi la maji taka lenye shimo la kunyonya maji kando yake. Kipimo kinachotumika sana na maafisa wa afya ni mita 30 kutoka shimo hadi kisima. Sasa kiwanja cha futi 100 kina urefu wa mita 30 na nusu tu. Maana yake, hata mwenye kiwanja akichimba kisima kwenye mpaka wa nyuma na shimo kwenye mpaka wa mbele, atakuwa amefika kipimo kwa tabu, na bado jirani wa mbele ana kisima chake karibu na ukuta huo huo.

Jiografia ya pwani inaongeza uzito wa jambo hili. Sehemu kubwa ya ardhi iliyo karibu na bahari ni jiwe la matumbawe. Jiwe hilo limejaa matundu na nyufa. Mahali penye udongo mzito, maji ya shimo huchujwa polepole kabla ya kufikia maji ya chini. Kwenye matumbawe yanaweza kupita mbio kama maji kwenye kung'uto, na uchafu ukafika kisimani ukiwa haujachujwa. Maji hayo yanaweza kuonekana meupe safi kabisa, na bado yakampeleka mtoto hospitali kwa kuhara.

Kwa hiyo kabla ya kuchora bafu, mwenye nyumba achore kiwanja chote: kisima chake, visima vya majirani, mteremko wa ardhi, na njia ya lori la kunyonya maji taka. Lori hilo husahauliwa sana. Watu hujenga tangi nyuma kabisa, kisha wanazungusha ukuta, na siku tangi likijaa hakuna njia ya kulifikia. Tangi lenyewe lijengwe kwa sakafu na kuta zisizopitisha maji, lipigwe plasta ndani, na mfuniko wake usifukiwe chini ya saruji ya uwanja. Pale ambapo umbali hautoshi, afisa wa afya ya umma wa wadi aitwe aone mahali kwa macho yake, na maji ya kisima yabaki ya kufulia na kuogea. Ya kunywa yatiwe dawa au yachemshwe. Ieleweke pia kwamba Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka mtu apate idhini ya kaunti kabla ya kujenga. Wengi huiona idhini hiyo kama usumbufu wa karatasi, lakini mchoro unaopelekwa ofisini ndiyo nafasi ya kugundua kwamba shimo limekaa mahali pabaya, wakati kosa bado ni la penseli.

Elimu hii si ngeni hapa. Pale Gedi, karibu na Watamu, mji ulioachwa mwanzoni mwa karne ya 17, magofu yanaonyesha nyumba za mawe zenye vyoo na mahali pa kutawazia, kuta zilizopakwa chokaa, na visima. James Kirkman alianza kuchimbua magofu hayo mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliutia mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni wakitembezwa huonyeshwa msikiti mkuu na jumba la mfalme. Mwenye kujenga angefaa apite pia kwenye vyoo, aone jinsi watu wa wakati ule walivyopanga mahali pa maji ndani ya nyumba. Miongoni mwa sababu zinazotajwa za mji ule kuhamwa ni kushuka kwa maji ya visima.

Na Lamu, nyumba za kale zilikuwa na birika bafuni, tangi dogo la mawe lililopakwa chokaa, ambalo mtu alichota maji kwa kata. Ndani yake waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa palijengewa bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wabaki na mahali pa kuishi. Leo familia nyingi zina dramu la plastiki bafuni kwa sababu ile ile, maji hayana uhakika. Tofauti ni kwamba dramu huletwa baada ya bafu kukamilika, likakaa katikati ya njia, likaziba sinki. Kama familia inajua itaweka dramu, na ukweli ni kwamba itaweka, basi dramu lipewe nafasi yake kwenye mchoro. Dramu la lita 200 linahitaji kama sentimita 60 kwa 60, na mfuniko.

Sasa chumba chenyewe. Kwa familia ya mfano, bafu la mita 1.5 kwa 2.1 linatosha choo, sinki dogo na mahali pa kuoga. Katikati ya choo pawe mbali na ukuta wa kando kwa sentimita 40 hivi, na mbele ya choo pabaki angalau sentimita 60 za kusimama na kugeuka. Mahali pa kuoga pawe mwisho wa chumba, mbali na mlango, ili anayeingia kunawa mikono asikanyage maji. Kama nafasi inaruhusu, choo kitengwe na bafu kwa ukuta mwembamba. Katika nyumba ya watu saba wanaoamka saa kumi na moja alfajiri, mlango wa pili una thamani kuliko vigae vya bei ghali.

Waislamu hupenda choo kisielekee kibla wala kukipa mgongo. Kwa mkazi wa Malindi hesabu ni rahisi, kwa sababu Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja. Choo kikitazama mashariki au magharibi, jambo limekwisha. Lakini ni lazima lisemwe kabla ya bomba la chini kulazwa. Fundi asiyeambiwa ataweka choo palipo na bomba fupi, na baadaye familia inakaa na kero ya kila siku au inapasua sakafu.

Upepo nao una sheria zake. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki. Pepo zote mbili, basi, huingilia upande wa mashariki. Choo kikiwekwa upande huo, harufu inasukumwa kupita vyumba vyote. Kikiwekwa magharibi, upepo unaichukua na kuitoa nje. Dirisha liwe juu, lifunguke kweli, na liwe na wavu wa mbu. Bafu lisilo na dirisha linaota ukungu hata likipigwa vigae hadi darini, kwa kuwa hewa ya pwani ni nzito na haikaushi kitu kilichofungiwa.

Bibi wa magoti mabovu ndiye mtu muhimu zaidi katika mchoro huu. Mzee akianguka bafuni akavunjika nyonga, mara nyingi hasimami tena kama zamani, na matunzo yake yanahamia kwa binti au mkaza mwana. Mambo yanayomlinda ni ya bei nafuu yakifanywa mapema. Mlango uwe wa sentimita 90 badala ya 70, na ufunguke kuelekea nje. Mlango wa kufungukia ndani, mtu akianguka nyuma yake, mwili wake mwenyewe unazuia wanaokuja kumsaidia. Kizingiti kisiwe ngazi. Sentimita mbili za tofauti ya sakafu zinatosha kuzuia maji yasitoke. Kando ya choo na mahali pa kuoga ukuta ujazwe vizuri kwa mawe na saruji, ili vishikio vya chuma kisichoshika kutu vifungwe kwa skrubu ndefu. Choo cha kukaa kitamfaa yeye. Wengine wakipendelea cha kuchuchumaa, na nafasi ipo, viwekwe vyote viwili.

Baada ya hapo ndipo vigae, au taili kama wengi wanavyoziita.

Kosa la kwanza ni kununua kwa macho. Kigae kinachong'aa dukani kama kioo kitang'aa pia kikiwa na povu la sabuni, na hapo ndipo kitakapomwangusha mtu. Mnunuzi aombe maji kidogo, amwagie kigae, apitishe kiganja akikikandamiza. Kikiteleza mkononi kitateleza mguuni. Baadhi ya viwanda huandika kipimo cha kutoteleza kwenye boksi, R10 au R11, na hivyo ndivyo vya kutafuta kwa sakafu ya bafu. Vile laini viwekwe ukutani, pale havina madhara. Vigae vidogo vya sakafuni, vya sentimita 30 au chini yake, vinafaa zaidi kuliko vikubwa. Vinafuata mteremko bila kukatwa ovyo, na mistari mingi ya katikati husaidia unyayo kushika.

Rangi nayo ina hesabu kwa wanaotumia maji ya kisima. Maji ya chumvi yakikauka huacha alama nyeupe, na kwenye kigae cheusi alama hizo huonekana kila siku. Rangi ya mchanga au kijivu hafifu huficha. Hali kadhalika kwa grauti, yaani kijazio cha mianya: nyeupe hupendeza wiki mbili, kijivu hupendeza miaka.

Idadi ya vigae isikisiwe. Sakafu ya mita 1.5 kwa 2.1 ni mita za mraba 3.15. Kigae cha sentimita 30 kwa 30 ni mita za mraba 0.09, kwa hiyo vinatakiwa 35, na kwa kuongeza asilimia 10 ya kuvunjika na kukatwa vinakuwa 39. Ukuta ukipigwa hadi mita 1.8, mzunguko wa chumba ni mita 7.2, yaani mita za mraba 12.96. Ukitoa mlango wa sentimita 90 inabaki 11.34. Kwa vigae vya 30 kwa 60 hiyo ni 63, na ziada inavifikisha 70. Maboksi yote yawe na namba moja ya bechi, kwa sababu rangi ile ile ya bechi mbili tofauti haifanani ikikaa ukutani. Vinavyobaki visigawiwe majirani. Vitano au sita vihifadhiwe chini ya kitanda. Baada ya miaka mitatu aina hiyo huenda haipo tena madukani, na bomba likipasuka ndani ya ukuta hakuna cha kuzibia.

Chumba cha mfano kimetoshea vigae vitano kwa saba bila vipande vikubwa vya kukata, na haikutokea kwa bahati. Mwenye nyumba anayejua kigae chake kabla ya kujenga ukuta anaweza kusogeza ukuta sentimita chache kwenye mchoro. Aliyekwisha kujenga apange kwa njia nyingine. Chumba kikiwa na upana wa mita 1.6, fundi mvivu huanza kona moja na vigae vitano vizima, akamalizia upande wa pili na utepe wa sentimita 10. Utepe huo huvunjika wakati wa kukata na huonekana kama kiraka. Fundi mwenye jicho huweka vinne vizima katikati na vipande vya sentimita 20 kila upande. Kazi ni moja na vigae karibu ni vilevile, ila bafu moja linaonekana limepangwa. Vigae vipangwe kwanza vikavu sakafuni, bila saruji, mwenye nyumba aitwe aangalie akiwa amesimama mlangoni. Hapo ndipo pa kusema sitaki.

Pembe za chumba zipimwe pia. Sentimita 60 ukuta mmoja, 80 ukuta wa pili, na mshazari kati ya alama hizo uwe mita moja kamili. Ukizidi au kupungua, kona si mraba, na ni heri plasta irekebishwe kuliko kulazimisha vigae vifuate ukuta uliopinda.

Chini ya vigae ndiko pesa hupotea. Mchanga wa ufukweni usitumike, hata kama uko hatua mia moja na ni wa bure, na pia kuuchota kunadhuru fukwe. Chumvi yake hutoka ukutani kama unga mweupe, husukuma plasta, na hula chuma kilichomo ndani ya zege. Maji ya kisima yenye chumvi yasichanganyiwe zege lenye chuma. Sakafu iwe na mteremko wa sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji, na mteremko huo ufanywe kwenye zege, si kwa kuongeza saruji nene chini ya vigae vya upande mmoja. Chini ya tundu pawe na bomba lililopinda linalobaki na maji ndani yake. Maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende. Katika chumba cha wageni kisichotumika, maji hayo hukauka kwa joto, ndiyo maana chumba hunuka bila sababu. Kopo moja la maji kwa wiki linamaliza tatizo.

Kuta za mawe ya matumbawe hunywa maji. Mahali pa kuogea pakwe dawa ya kuzuia maji, sakafu nzima na ukuta hadi usawa wa kichwa, na kwenye kona mkono urudiwe. Kisha tundu lizibwe kwa kitambaa na plastiki, maji ya kina cha sentimita mbili au tatu yaachwe saa 24. Yakishuka sana au ukuta wa chumba cha pili ukilowa, pamepatikana mwanya kabla haujafunikwa. Mafundi wengine hulikwepa jaribio hili kwa kuwa linapoteza siku moja. Siku hiyo ilipwe tu.

Vigae vya kauri vya kawaida vinavyobandikwa kwa saruji hulowekwa kwanza, la sivyo hunyonya maji ya saruji na kushika vibaya. Vile vigumu vya pozeleni havinyonyi karibu chochote, na saruji tupu haivishiki vizuri; vinataka gundi yake. Kwa aina zote, saruji au gundi ienee chini ya kigae kizima. Mtindo wa madonge matano, manne kwenye kona na moja katikati, huacha mapango ambayo hujaa maji na kuvunja kigae siku ndoo inapoanguka. Katikati ya vigae uachwe mwanya wa milimita tatu hivi. Ukuta na sakafu hupanuka kwa joto, na vigae vilivyobanana huinuka kama paa la hema.

Neno kuhusu shawa ya umeme, kwa wale wanaoitaka. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi na hula waya wa kuchemshia. Ipo aina iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, na hiyo ndiyo ya kununua kwa wenye kisima. Ifungwe na fundi umeme mwenye leseni, na waya wa ardhi usiachwe ukining'inia, jambo ambalo bado linaonekana katika nyumba za kupangisha. Kwa joto la Malindi, wengi hawaihitaji. Tangi jeusi juani huwapa maji ya vuguvugu bure.

Malipo yagawanywe kwa maandishi: sehemu baada ya mabomba, sehemu baada ya jaribio la maji, sehemu baada ya vigae, na salio mwishoni. Vigae visikanyagwe kwa saa 24, kisha grauti, kisha siku nyingine ya kukauka. Siku ya kukabidhiwa, mwenye nyumba apite na sarafu akigonga kimoja kimoja. Kinacholia mtupu kitolewe kirudiwe. Halafu ndoo ya lita 20 imwagwe taratibu kwenye kona iliyo mbali zaidi na tundu, na watu wasubiri. Pale maji yatakapobaki paandikwe kwa chaki, fundi aparekebishe, ndipo apewe salio lake.